Mwaka Ulioongezwa

"Mama Soipan, mtoto alifikisha kumi na nane mwezi uliopita. Kazi ya korti imeisha. Mungu awabariki."

Nyawira aliusoma ujumbe huo mara tatu, mguu wake ukiwa bado juu ya kanyagio la cherehani, sketi ya shule ya mtoto wa watu ikining'inia mbele yake nusu imeshonwa, nusu bado. Ilikuwa tarehe tano. Kwa miaka minane, kila tarehe tano kabla ya saa nne asubuhi, Parmuat alikuwa akituma shilingi elfu saba. Alituma mwaka wa korona, alituma mwaka mbuzi walipougua, alituma hata mwezi ule aliooa mke mwingine. Hakuwahi kuongeza shilingi wala kupunguza, wala kuandika neno lolote. Leo alikuwa ameandika.

"Nani amekufa?" aliuliza Muthoni, mwenzake wa kibanda, aliyekuwa akifuma sweta kwenye mashine yake karibu na mlango.

"Hakuna aliyekufa. Ni Baba Soipan."

"Ametuma?"

"Ametuma maneno."

"Hee! Maneno hayalipi fee." Muthoni alisimamisha mashine. "Anasema nini?"

"Ati mtoto amekuwa mtu mzima."

"Lakini si ni kweli? Juzi si tulimkatia keki hapa hapa, ukanunua na ile mishumaa ya namba?"

Nyawira aliinama juu ya sketi kama mtu aliyeona kosa kwenye mshono. Kosa halikuwepo. Akakata uzi kwa meno, akatoka nje na simu yake, akazunguka nyuma ya vibanda, mahali ambapo wanawake wa laini ile walipigia simu wasizotaka zisikike.

"Sopa, Baba Soipan."

"Ipa," aliitikia Parmuat kwa Kimaasai, na nyuma ya sauti yake mbuzi walikuwa wakilia. Siku za soko Parmuat alikuwa dalali wa mifugo. Aliwaunganisha wenye mbuzi na wenye pesa, naye akabaki na kidogo cha katikati.

"Nimeona message yako. Mtoto bado yuko shule, Baba Soipan. Yuko form three. Amebakisha mwaka mmoja tu."

"Najua."

"Sasa utaachaje kutuma?"

"Mimi siachi. Ni korti iliandika, mpaka afikishe miaka kumi na nane. Iko hapa, nimeifunga kwa nailoni isiharibike. Tarehe ya kuzaliwa iko, tarehe ya kumaliza iko. Nimemaliza bila deni."

"Lakini wewe ni baba yake."

"Nilikuwa baba yake kabla ya karatasi. Nilileta maziwa. Nikaleta mbuzi kila Krismasi. Ukasema mbuzi hailipi fee, ukaleta karatasi. Haya, karatasi imesema kumi na nane." Mbuzi mmoja akalia karibu kabisa na simu. "Ama karatasi inadanganya, Mama Soipan?"

Upande wa pili simu ikakatwa.

Karatasi ilikuwa inadanganya, na aliyeifundisha kudanganya ni yeye. Soipan alikuwa na miaka kumi na saba. Alipokuwa na mitatu, Nyawira alikuwa ametoka tu kwa Parmuat kule Ilbisil, akapata kazi ya kushona suruali kwenye kiwanda cha nguo za kuuzwa nje, EPZ, Athi River. Nasari iliyokuwa karibu na ploti yao ilichukua watoto kuanzia miaka minne. Mwalimu alisimama getini na daftari, akauliza, "Huyu ana ngapi?" Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na geti la kiwanda lilifungwa saa moja. "Minne," Nyawira akasema, na mtoto, mrefu kama ukoo wa babake, akausaidia uongo ule kwa kimo chake. Miaka ikapita, shule ikataka cheti cha kuzaliwa. Mtoto alikuwa amezaliwa nyumbani, mikononi mwa nyanyake. Karatasi ya hospitali haikuwepo. Karani akamwambia, "Mama, hakikisha tarehe zinalingana na za shule, usije ukanisumbua." Nyawira akazilinganisha. Alipokwenda kortini kudai matunzo, alibeba cheti hicho hicho.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Nyawira ilikuwa na urefu wa miaka kumi na minne, na alikuwa ameitembea yote bila kujikwaa. Alidhani yumo peke yake ndani yake. Siku ile, nyuma ya vibanda, ndipo alipofahamu kwamba Parmuat alikuwa akitembea kando yake muda wote huo, kimya.

Wiki mbili baadaye Soipan alisimama mlangoni na begi lake mgongoni na barua ya shule mkononi. Wasichana thelathini na moja walikuwa wametumwa nyumbani asubuhi hiyo kutoka bweni kwa sababu ya karo, akasema, na wawili kati yao walikuwa wamelia mpaka stejini. Yeye hakulia.

Nyawira alimpigia bursa wa shule, mwenye hesabu za karo. Alitumia sauti yake ya kuomba, ile laini, ambayo aliichukia kuisikia ikitoka kinywani mwake mtoto akiwa karibu.

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi, mwalimu. Niko na order ya yunifomu, nikimaliza nitaleta nusu."

"Mama Soipan, ulisema hivyo term iliyopita."

"Term iliyopita nilileta."

"Ulileta robo. Mimi nakuelewa, lakini ahadi haipiki githeri. Mpishi anataka mahindi."

Alipokata simu alimkuta Soipan akimwangalia, mikono kiunoni.

"Mum, usiwaombe hivyo tena."

"Niwaombe vipi?"

"Usiwaombe. Mimi si mtoto." Akatoa kitu mfukoni, akakiweka mezani juu ya barua ya shule. Kilikuwa kitambulisho chake cha taifa. Alikuwa amekifuatilia tangu likizo ya Agosti, akapita kukichukua siku hiyo hiyo akitoka shule. "Cheki vile wamenitoa. Nakaa kama mwizi wa kuku."

Nyawira alikiangalia. Picha ilikuwa ya msichana aliyekaza taya ili aonekane mkubwa. Chini yake, kwa herufi za serikali, ulisimama mwaka ambao yeye alimwambia mwalimu wa nasari akiwa na haraka ya kwenda kazini.

"Umetoka vizuri," alisema, akaenda kuinjika chai.

Kwa siku tatu alikaa na ukweli wa mwaka ule bila kuusema. Alimwona Soipan akifagia, akiteka maji, akimsaidia Muthoni kushona vifungo huku akiimba, na kila mara akajiambia: jioni. Jioni ilipofika alijiambia: tukishakula. Jumanne Soipan alitoka kabla hakujapambazuka. Aliacha kikaratasi kuwa ameenda kuazima kitabu kwa rafiki yake. Alirudi alasiri, viatu vimejaa vumbi jeupe, uso unang'aa.

"Mathe, keti."

"Nimeketi."

"Nimepata kazi."

Alisimulia huku akizunguka chumba kizima. Alikuwa amesimama kwenye geti la EPZ na watu karibu mia mbili. Walinzi waliwaita walio na vitambulisho mbele. Akaingizwa na wenzake kumi, wakapewa kila mmoja mashine na vipande vya shati. "Nikashona kola. Wale wengine walikuwa bado wanatafuta uzi uingie wapi. Supervisor akaja, akaigeuza hivi, akaigeuza hivi. Akaniuliza, wewe umetoka college gani? Nikamwambia, college ya mama yangu." Akacheka. "Naanza Jumatatu. Mwaka mmoja tu, Mum. Nalipa balance, naweka kidogo, narudi form four kama madam."

Nyawira aliona fahari ikimpanda kifuani, na nyuma yake kitu kingine kikaja kikaifunika. Alikuwa amekaa kwenye laini ya kiwanda kile miaka tisa. Alikuwa amekaa katikati ya wasichana waliosema mwaka mmoja tu. Aliwajua kwa majina; wengine walikuwa huko bado, na macho yao sasa yalihitaji miwani ya kutungia sindano.

"Huwezi kwenda," alisema.

"Kwa nini?"

"Hawaruhusiwi watoto pale."

"Mimi si mtoto! Niko na ID!"

"Soipan, mama." Alivuta stuli, akaketi karibu naye hadi magoti yao yakagusana. "Wewe huna kumi na nane. Una kumi na saba."

Soipan alianza kwa kucheka. "Mum, hiyo ID ni ya serikali."

"Serikali iliambiwa na mimi."

Basi akamwambia yote: geti la nasari, geti la kiwanda, karani na tarehe zake. Hakujipamba. Alipofika mwisho alitaka kuongeza kwamba hakuwa na mtu wa kumwachia, na kwamba mshahara wa siku ya kwanza ndio ulionunua unga, lakini akaona maneno hayo yatakuwa ya kujitetea, akayameza.

Nje mtu alikuwa akiuza maziwa kwa sauti.

"Class one," alisema Soipan hatimaye, "nilikuwa nachapwa kwa sababu siwezi kushika penseli vizuri. Teacher alikuwa anasema, msichana mkubwa hivi."

"Najua."

"Hujui. Na class two nilikuwa nakojoa kitandani. Ukaniambia msichana wa miaka minane hakojoi." Sauti yake ilikatika. "Nilikuwa na saba, Mum. Nilikuwa na saba, na ulikuwa unajua."

Hakuna kofi ambalo Nyawira alikuwa amewahi kupigwa, na alikuwa amepigwa, lililomfikia mahali maneno hayo yalipomfikia. Alinyoosha mkono. Soipan aliusogeza pembeni polepole, bila hasira, kama mtu anayeondoa nguo kitini apate kupita. Akalala ameelekea ukutani bila kula.

Asubuhi Nyawira alimkuta ameshavaa, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba anajua?"

"Nafikiri anajua."

"Basi twende kwake. Lakini ofisini kwa afisa wa watoto, si kwa simu. Na wewe ndio utasema. Mimi sisemi."

Afisa wa watoto kule Kajiado aliitwa Muteti, mtu wa makamo mwenye koti la sweta na meza iliyojaa mafaili hadi kidevuni. Aliwapa miadi Ijumaa. Parmuat alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye benchi la ukutani, fimbo katikati ya magoti, na kando yake alikaa mama yake, Koko Seleyian, ambaye alikuwa amemleta hospitalini kuangaliwa macho, na hakuwa na mahali pa kumwacha.

Kwa desturi ya Kimaasai, mtoto akimkuta mkubwa wake huinamisha kichwa, mkubwa akakigusa kwa kiganja. Hata waliosoma hadi chuo kikuu hufanya hivyo. Parmuat alipomwona bintiye mlangoni aliinua mkono kwa mazoea. Soipan hakuinama. Alinyoosha mkono wake kumsalimu kama mtu wa ofisi. Kiganja cha Parmuat kilibaki hewani kwa muda, hakijui kiende wapi, kisha kikashuka kikaupokea mkono ule.

"Umekua," alisema.

"Karatasi inasema hivyo," akajibu Soipan.

Koko Seleyian alicheka peke yake. "Huyu ana mdomo wangu," alisema. Soipan akainama mbele yake, naye akamshika kichwa kwa mikono yote miwili na kukishikilia.

Muteti alifungua faili. Aliipitia ukurasa baada ya ukurasa, akilamba kidole.

"Bwana Parmuat, miaka minane hujakosa hata mwezi. Nimekaa kwa kiti hiki miaka sita na sijaona faili kama hii." Parmuat alinyoosha mgongo. "Kwa hivyo sioni kesi hapa. Mtoto amefikisha kumi na nane, order imekwisha. Mama, unataka nini?"

Nyawira alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Mwaka ulioandikwa hapo si wa kweli," alisema. "Mtoto ana kumi na saba. Niliongeza mwaka ili achukuliwe nasari."

Kalamu ya Muteti ililala mezani. "Mama. Unajua unachosema? Kuna affidavit yako hapa. Uliapa."

"Najua."

"Unajua naweza kuiandika hii, na ikakufikisha mahali pabaya?"

"Andika. Lakini asiende kiwandani Jumatatu kwa ajili ya mwaka niliompa mimi."

Soipan alikuwa akiangalia sakafu. Aliinua macho kidogo tu, akamwangalia mama yake, akayarudisha chini.

Muteti aligeukia benchi. "Na wewe, bwana? Ulijua?"

Parmuat aliigeuza fimbo yake mara moja.

"Mimi nisijue? Ule mwaka wa kiangazi nilitoka na ng'ombe, nikarudi na fimbo. Hii hapa. Nikakuta mtoto ndani ya nyumba ana wiki tatu. Mwaka kama huo mtu anaweza kuukosea?" Akamtazama Nyawira kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Ulipoleta cheti mbele ya hakimu, niliona. Wakili wako akasoma tarehe kwa sauti, na mimi nikasikia. Ningesema siku hiyo, ungetoka hapo na askari. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ya mtoto, na kidogo kwa sababu yako. Sasa uongo ule ule umenifungulia mlango, unataka nikatae kutoka? Niko na watoto wawili wadogo nyumbani. Nao wanakula."

Nyawira alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa matusi alikuwa na majibu. Haya hayakuwa matusi.

"Huyu," Koko alisema ghafla, akimwonyesha Soipan kwa kidevu, "huyu ni wa mafuta ya duka."

"Unasemaje, nyanya?" Muteti aliuliza.

"Mwanamke akizaa, achinjiwe kondoo, anywe mafuta. Kondoo gani mwaka ule? Kondoo walikuwa ngozi tu, wamelala. Nikaenda dukani kwa miguu, nikanunua mafuta ya kupikia, ya mkebe. Nikamchemshia huyu Mkikuyu wangu." Alimpiga Nyawira pajani. "Akakunywa! Mimi nilijua atatapika, akakunywa yote. Hakuna mtoto mwingine kwa boma yangu amezaliwa kwa mafuta ya mkebe. Namba zenu sijui. Watoto hawahesabiwi. Lakini ukiniuliza huyu ni wa lini, ni wa mkebe."

Hata Muteti alicheka, akafuta macho. Nyawira alijikuta anacheka na kulia pamoja. Alikuwa amesahau ladha ya mafuta yale, na sasa ilikuwa imemrudia ulimini.

"Sikilizeni," Muteti alisema, akiisogeza faili pembeni. "Kubadilisha mwaka ni safari nyingine. Ina makarani wake, ina kiapo kingine, na cheti, kitambulisho na mtihani lazima vilingane, la sivyo msichana huyu atasumbuliwa maisha yake yote. Mama, hiyo safari utaenda, lakini si leo, na utaenda na mtu wa sheria. Leo sijasikia vizuri ulichosema." Aliitazama dari kidogo. "Kwa meza hii swali ni moja. Hata mtoto akifikisha kumi na nane, kama bado yuko shule, sheria inaruhusu muda uongezwe. Korti inaweza kuongeza, ama nyinyi wenyewe mkubaliane hapa, tuandike, nikapeleke. Na anayeweza kuomba si mama peke yake. Hata yeye mwenyewe anaweza." Akamgeukia Soipan. "Mwambie baba yako unataka nini."

Soipan alikuwa amesema hatasema. Alikwaruza ukucha wake kwa muda.

"Nimepata kazi," alisema. "Nilishona kola, wakanichukua. Nikitaka naanza Jumatatu." Alivuta pumzi. "Lakini sitaki. Nataka kumaliza shule. Sikuja kudai mwaka wa korti, Baba. Nakuomba wewe."

Parmuat aliinamisha kichwa juu ya fimbo. Sakafu ile ilikuwa na ufa mmoja mrefu, naye akaufuata kwa macho kutoka ukutani hadi chini ya meza. Nyawira alimjua, alijua kwamba sasa alikuwa akiwapitisha mbele yake, mmoja mmoja, mke wake, watoto wake wawili, mbuzi wa watu wengine anaowauza kwa niaba yao, na huyu msichana aliyempa mkono badala ya kichwa.

"Elfu saba sina tena," alisema. "Nitatoa elfu nne na mia tano. Na hiyo balance ya sasa, nitaongea na bursa mimi mwenyewe. Anatoka Ilbisil, namjua babake."

Haikutosha, na kila mtu ndani ya chumba alijua. Nyawira alianza kusema elfu tano. Mdomo ulikuwa umeshatengeneza neno. Akaliacha lifie mdomoni. Alifikiria sketi ishirini na mbili zilizomngoja kibandani, na likizo ya Novemba ambayo Soipan angeweza kukaa kwenye cherehani ya pili, nyumbani, si kiwandani.

"Nitajaza iliyobaki," alisema.

Muteti alichukua kalamu. "Haya. 'Mimi Parmuat nakubali kuendelea kumtunza binti yangu hadi atakapofikisha miaka...' Tuandike ngapi? Kumi na tisa?"

"Hapana." Parmuat aliinua mkono. "Miaka usiandike."

"Lazima kuwe na mwisho, bwana. Korti itauliza."

"Andika mpaka amalize kidato cha nne. Akirudia, arudie. Akiugua, angojwe. Miaka usiandike hata moja. Miaka ndiyo imetuleta hapa."

Muteti alikuna sikio kwa kalamu, akatabasamu, akaandika kama alivyoambiwa. Parmuat alitia sahihi polepole, kila herufi na nafasi yake. Nyawira akafuata. Kisha karatasi ikawekwa mbele ya Soipan, ambaye hakuna aliyetarajia atie sahihi, naye akatia, na kwenye nafasi iliyoandikwa umri akachora mstari.

Nje jua lilikuwa kali na upepo wa Kajiado ulikuwa ukirusha vumbi na mifuko. Koko alijifunika shuka usoni kuyakinga macho yake yaliyotiwa dawa. Nyawira alimshika mkono, naye akamwambia kwa sauti ya chini, kwa Kimaasai, kwamba mwanamke anayesema uongo kwa ajili ya kibarua na mwanamke anayesema ukweli mbele ya serikali ni yule yule, kwa hivyo asijisumbue kutafuta tofauti. Nyawira hakujua kama amesamehewa au amechekwa.

"Mum." Soipan alikuwa amesimama katikati, kati yao na babake aliyekuwa ameshaanza kuelekea barabarani. Hakuja karibu. Alimtazama Nyawira kwa jicho ambalo halikuwa la jana, ingawa halikuwa la zamani pia. "Bado nimekasirika."

"Kasirika, mama. Niko."

"Nakuja sasa hivi."

Akageuka, akamkimbilia babake. Nyawira aliweza kusikia mwanzo tu.

"Baba, nilizaliwa tarehe ngapi?"

"Sijui. Sikuwepo."

"Basi ulikuwa wapi?"

Parmuat alisimama. Kwa miaka yote aliyoishi naye, na minane ya kutuma pesa bila neno, Nyawira hakuwahi kumsikia akiusimulia mwaka ule. Ulikuwa mwaka wa kutajwa kwa jina tu, kisha watu wakabadilisha mazungumzo. Sasa alimwona akiangalia upande wa kusini, kule alikokuwa amewapeleka ng'ombe wakifuata nyasi ambazo hazikuwepo. Akaketi kwenye ukingo wa saruji wa mtaro, akaweka fimbo kando, akapapasa nafasi karibu naye. Soipan akaketi.

Makanga wa magari ya Kitengela, ya kuwarudisha nyumbani, walikuwa wakiita. Gari la kwanza lilijaa likaondoka, na la pili likajaa likaondoka. Nyawira alisimama kivulini na mkono wa Koko ndani ya wake, na hakumwita mtoto.